Thamani ya Karatasi Iliyotupwa

Miongoni mwa mambo yamtatizayo mtu asiyekuwa na hamu ya kukusanya vitabu, hapana limstaajabishalo zaidi ya kuona hadithi ya upelelezi, ambayo msomaji akiufikia ukurasa wa mwisho humjua muuaji na haja ya kuirudia ikamwisha, ikigombewa mnadani kwa fedha ya kujengea nyumba, ilhali maneno yale yale, pasi na kupungua hata nukta, yapatikana dukani kwa bei ya chakula cha mchana.

Asili ya jambo hili ni kwamba vitabu hivyo havikupigwa chapa ili vihifadhiwe. Arthur Conan Doyle aliiuza kwa pauni 25 haki yote ya A Study in Scarlet, hadithi iliyomzaa Sherlock Holmes, na wachapishaji wake, Ward, Lock, wakaitia mwaka 1887 katika Beeton's Christmas Annual, jarida la msimu wa Krismasi lenye jalada la karatasi, lililouzwa shilingi moja. Na kitu cha shilingi moja, nyumba nzima ikiisha kukisoma na jirani akiisha kukiazima, aghalabu huishia jikoni kuwashia moto. Nakala zilizosalimika ni chache mno, nazo nyingi zina kasoro. Moja iliuzwa na Sotheby's mwaka 2007 kwa dola 156,000. Mwandishi mwenyewe hakupata zaidi ya zile pauni 25.

Vitabu vya baadaye, kama vile vya Agatha Christie vilivyotolewa na Collins kwa jina la Crime Club tangu mwaka 1930, vilikuwa na jalada gumu la kitambaa, na juu yake karatasi ya picha iliyokusudiwa kukilinda kitabu na vumbi. Wanunuzi wengi waliivua wakaitupa. Aliyetaka kumpa mwenziwe kitabu hidaya aliikata pembe yenye bei, asionekane bahili. Na maktaba za kuazimisha zikapiga mihuri na kubandika vibandiko vyao. Basi leo kitabu kilicho uchi na ndugu yake aliyevaa karatasi ile hawalingani bei hata kidogo, na tofauti yao yaweza kuwa mara kumi au zaidi. Kwa hiyo pamezuka mafundi wa kuigiza karatasi hizo. Mwuzaji mwaminifu hutamka wazi kuwa aliyonayo ni ya kuigiza. Asiyetamka ndiye wa kuogopwa.

Hata toleo lenyewe lataka uangalifu. The Mysterious Affair at Styles, kitabu cha kwanza cha Christie, kilitoka New York mwaka 1920 kabla ya kutoka London Januari 1921, na wakusanyaji Waingereza wangali wakikipendelea cha kwao, ingawa kwa rai yangu tarehe haina uzalendo. Katika The Hound of the Baskervilles ya Conan Doyle, ya mwaka 1902, yenye jalada jekundu lililonakishiwa kwa dhahabu, mjuzi hufungua moja kwa moja ukurasa wa 13, akautazama mstari wa tatu, ambapo neno moja limepungukiwa na herufi yake ya mwisho: kosa la mpanga herufi, ambalo sasa ni shahidi wa chapa ya mwanzo.

Nasi tunaye mpelelezi wetu. Mzimu wa Watu wa Kale, alimotokea Bwana Msa na kiko chake, kilimpatia Muhammed Said Abdulla wa Unguja ushindi katika mashindano ya uandishi ya 1957–58, kikachapishwa mwaka 1960 na East African Literature Bureau. Hicho nacho kilisomwa kwa kupokezanwa mikono, katika hewa ya pwani yenye chumvi na unyevu, na mende wakala sehemu yao. Atakayeikuta nakala ya mwaka huo ndani ya sanduku la babu yake, hata ikiwa imechanika mgongo, asiikimbilie kwa utepe wa gundi, kwani gundi ile hugeuka manjano, ikapenya katika karatasi, na haitoki tena. Aifunge kwa karatasi safi isiyo na asidi, aiweke pakavu, mbali na jua.