Duka likiungua, daftari libaki

Kisanduku kidogo chenye diski mbili, kikiwekwa nyumbani Upanga, kinaweza kuokoa kumbukumbu za fremu ya Kariakoo. Lakini kina masharti yake.

USIKU wa Julai 10, 2021 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Soko Kuu la Kariakoo jijini Dar es Salaam. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa nne liliporomoka katika eneo hilo hilo la biashara na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha.

Uhai ukipotea haurudi. Kwa upande wa mali, matukio ya aina hii huacha swali ambalo wafanyabiashara wengi hawalifikirii mpaka siku yenyewe ifike: kumbukumbu za biashara zilikuwa wapi?

Mzigo ulioungua unaweza kufidiwa na bima, kwa yule aliyekata. Lakini kampuni ya bima itataka ushahidi wa kilichokuwamo stoo. Wateja wa mikoani waliochukua mzigo kwa mali kauli watalipa, lakini kwa kiasi gani, kama daftari la madeni limeungua pamoja na meza? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema nini kifanyike daftari nalo likipotea.

Sheria nayo haisamehi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze nyaraka zake kwa muda wa miaka mitano. Wakati huohuo risiti za mashine za EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, huchapwa kwa joto kwenye karatasi laini. Zikikaa kwenye droo yenye joto hufifia hadi zisisomeke. Mtu anaweza kuwa na mfuko mzima wa risiti na bado akakosa ushahidi mbele ya ofisa wa kodi.

Ndiyo maana baadhi ya familia zenye maduka Kariakoo na makazi Upanga zinafaidika na kifaa ambacho zamani kilikuwa cha ofisi kubwa tu. Mafundi wanakiita NAS.

Ni kitu gani

NAS ni kisanduku chenye nafasi ya diski mbili au zaidi, kinachounganishwa kwa waya kwenye ruta ya nyumbani. Hakihitaji skrini wala kibodi. Simu na kompyuta zote za nyumba hiyo huweka mafaili humo na kuyachukua kupitia mtandao wa ndani. Kampuni za Taiwan kama Synology na QNAP ndizo zinazojulikana zaidi. Fundi mzoefu anaweza pia kugeuza kompyuta ya zamani ifanye kazi hiyo kwa programu za bure.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mtandao wa ndani si sawa na intaneti. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatika nchi nzima kwa siku kadhaa. Aliyeweka kila kitu kwenye hifadhi za mtandaoni za nje ya nchi hakuweza kuvifikia. Mwenye kisanduku nyumbani aliendelea kufungua mafaili yake, kwa sababu data hazikuhitaji kutoka nje ya ukuta wa nyumba.

Namna data zinavyofika Upanga

Kati ya Kariakoo na Upanga ni mwendo mfupi, lakini unatosha kwa kazi hii. Moto wa fremu ya Mtaa wa Msimbazi hauwezi kufika kwenye nyumba iliyo karibu na Barabara ya Umoja wa Mataifa. Nyumbani ndiko "mahali pengine" ambapo kila mshauri wa kumbukumbu anasema nakala iwekwe.

Utaratibu ulio rahisi hauhitaji utaalamu. Dukani, kila risiti, ankara, hati ya forodha na ukurasa wa daftari la madeni hupigwa picha kwa simu kabla ya kufunga. Mhusika akifika nyumbani jioni, simu inashika Wi-Fi na programu ya kisanduku inahamisha picha zenyewe. Kompyuta ya duka, kama ni ya kubeba, hufanya vivyo hivyo. Hakuna bando linalotumika.

Ukubwa wa diski unahitaji hesabu, si kukisia. Picha moja ya simu ina takriban megabaiti 3. Duka linalopiga picha za nyaraka 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, litatumia gigabaiti 90 kwa mwaka. Kwa miaka mitano inayotajwa na sheria ni gigabaiti 450. Diski ya terabaiti 1 inatosha na kubaki.

Kinachokula nafasi ni kamera za ulinzi. Kamera moja inayorekodi kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hutumia karibu gigabaiti 22 kwa siku. Kamera nne kwa siku 30 zinafika terabaiti 2.6. Ni vema mfanyabiashara aamue mapema kama anataka kuhifadhi nyaraka au video, kwa sababu wengi hununua diski kubwa kwa ajili ya video ambazo hawataziangalia kamwe. Kwa kamera, wiki moja au mbili za kumbukumbu zinatosha kwa maduka mengi.

Diski mbili, nakala moja

Katika kisanduku cha diski mbili, mpangilio unaofaa ni ule wa kioo: kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza kinaandikwa pia kwenye ya pili. Diski mbili za terabaiti 4 zinatoa nafasi ya terabaiti 4, si 8. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi mpaka mbadala ununuliwe.

Hapa ndipo watu wanapojidanganya. Kioo kinalinda dhidi ya diski kuharibika tu. Mtoto akifuta folda, inafutika kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Mwizi hachukui diski moja na kuacha nyingine. Kwa hiyo kisanduku kizima kihesabiwe kuwa nakala moja.

Kanuni inayotumika duniani ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe mbali. Kwa mkazi wa Upanga, nakala ya kwanza ni simu na kompyuta ya duka, ya pili ni kisanduku, na ya tatu ni diski ya nje inayojazwa kila mwisho wa mwezi na kupelekwa kwingine: kwa ndugu wa Tabata, au kwenye nyumba ya shamba Mkuranga. Diski hiyo ifungwe kwa neno la siri, maana aliyeiokota hapaswi kusoma madeni ya wateja.

Umeme, joto na vumbi

Kisanduku cha diski mbili hutumia takriban wati 20. Kikiwaka saa 24 kwa siku 30 kinatumia uniti 14.4. Kwa bei ya karibu shilingi 356 kwa uniti, hiyo ni kama shilingi 5,100 kwa mwezi.

Gharama hiyo ni ndogo. Tatizo la umeme ni kukatika kwake. Makali ya mgao yamepungua tangu mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuzalisha Februari 2024, lakini kukatika kwa dakika chache na umeme kupanda na kushuka bado kupo. Diski inayozimika ghafla katikati ya kuandika inaweza kuharibu mafaili. UPS ndogo si anasa, ni sehemu ya kifaa. Inunuliwe ile inayoweza kuunganishwa na kisanduku kwa waya wa USB, ili betri ikikaribia kwisha kisanduku kijizime chenyewe kwa utaratibu.

Dar es Salaam ina joto, unyevu na hewa ya chumvi, hasa kwa nyumba za upande wa Daraja la Selander. Kisanduku kisifungiwe kabatini wala kuwekwa juu ya friji. Kikae mahali penye hewa, mbali na dirisha na jiko, na vumbi lipanguswe kila mwezi. Kwa wanaoishi ghorofa ya chini karibu na bonde la Msimbazi, mafuriko ya Desemba 2011 yanatosha kuwa somo: kisanduku kisikae sakafuni.

Mlango usifunguliwe nje

Visanduku hivi vina kitufe kinachomwezesha mwenyewe kuvifikia kutoka popote duniani. Kinavutia, lakini kimewagharimu wengi. Aprili 2021 wahalifu walifunga mafaili ya wamiliki wa vifaa vya QNAP katika nchi mbalimbali na kudai fedha. Juni mwaka huohuo, diski za My Book Live za kampuni ya Western Digital zilifutwa na wavamizi zikiwa majumbani kwa watu. Januari 2022 kundi lijulikanalo kama DeadBolt lilirudia mchezo kwa vifaa vya QNAP, likidai bitcoin 0.03 kwa kila mwenye kifaa.

Vifaa vilivyoathirika vilikuwa vinafikika moja kwa moja kutoka kwenye intaneti. Mfanyabiashara anayerudi nyumbani kila jioni hana sababu ya kufungua mlango huo. Akiacha kisanduku ndani ya mtandao wa nyumbani, akibadilisha neno la siri lililotoka kiwandani, na kuruhusu programu zijisasishe, atakuwa ameepuka sehemu kubwa ya hatari. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamfanya mwenye majina na namba za simu za wateja awajibike kuzilinda.

Kuongeza uwezo bila kupoteza kitu

Baada ya miaka michache nafasi itaisha. Kabla ya kununua diski kubwa, zikaguliwe nyaya na ruta. Ruta ya zamani yenye matundu ya megabiti 100 hupitisha takriban megabaiti 11 kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti 450 zitachukua zaidi ya saa 11. Kwa swichi ya gigabiti moja kazi hiyo huisha kwa muda wa kama saa moja na dakika chache. Mara nyingi kinacholalamikiwa kuwa "diski nzito" ni waya.

Kama kweli diski zinahitaji kubadilishwa, zibadilishwe moja baada ya nyingine. Kwanza ijazwe diski ya nje, na mafaili machache yafunguliwe kuhakikisha yanasomeka. Kisha itolewe diski moja ya zamani na kuwekwa mpya. Kisanduku kitaanza kunakili upya. Kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, terabaiti 4 huchukua zaidi ya saa 7, na kisanduku kikiwa na kazi nyingine muda unaongezeka. Hicho ndicho kipindi cha hatari kuliko vyote, kwa kuwa diski moja tu ndiyo yenye data kamili. Isiguswe ya pili mpaka kisanduku kitangaze kuwa kimemaliza. Nafasi mpya huonekana baada ya diski zote mbili kubadilishwa na ujazo kupanuliwa kwenye mipangilio.

Katika kununua, ziulizwe diski zilizotengenezwa kuwaka saa 24. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya visanduku hivi, zilitumia mfumo wa kuandika unaozifanya ziwe za polepole wakati wa kunakili upya. Mapema 2025 huko Ujerumani iligundulika kuwa diski za Seagate zilizotumika kwa maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa kama mpya. Kwa mnunuzi wa Kariakoo au Posta, hatua mojawapo ya kujikinga, ingawa si kinga kamili, ni kumtaka muuzaji aiunganishe diski kwenye kompyuta na kuonyesha saa ilizowaka, kabla ya fedha kutoka mfukoni. Diski mpya husoma sifuri au saa chache.

Diski za zamani zisiuzwe kabla ya kufutwa kabisa. Iliyo nzima inafaa kuwa ile nakala ya tatu ya kupeleka shamba.

Je, inalipa?

Si kila mtu anahitaji NAS. Mwenye genge, au mkulima mwenye simu moja na kompyuta moja, anatosheka na diski mbili za nje zinazopokezana: moja nyumbani, nyingine kwa jirani anayeaminika. Nakala zake za hati ya shamba, stakabadhi za ghala na mikataba ya mauzo zitaenea kwenye diski ndogo kuliko zote. NAS inaanza kuwa na maana pale kumbukumbu zinapotoka kwenye simu na kompyuta tatu au nne, kama familia yenye fremu mbili, au chama cha ushirika chenye wanachama wengi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme duka lina madeni ya shilingi milioni 12 kwa wateja wa mali kauli. Daftari likipotea na theluthi moja ya wadaiwa wakakana, hasara ni milioni 4. Kila mfanyabiashara aweke tarakimu zake, kisha alinganishe na bei ya kisanduku, diski mbili na UPS kama alivyotajiwa dukani. Kama hasara inayoweza kutokea ni ndogo kuliko bei hiyo, anunue diski mbili za nje na kuishia hapo.

Kwa vyovyote, nakala isiyojaribiwa isihesabiwe kuwa nakala. Mara moja kila baada ya miezi mitatu ichaguliwe risiti moja ya mwaka uliopita na kutafutwa kwenye kisanduku, kisha kwenye diski ya nje. Ikipatikana na kusomeka kote kuwili, mfumo unafanya kazi. Isipopatikana, ni afadhali kujua leo kuliko siku ofisa wa kodi au wa bima amekaa mezani akisubiri.