Nani Huyu Juu ya Pikipiki?

Hebu nikuulize, msomaji: kwenu kuna picha ya zamani ambayo kila mtu ana uhakika nayo, lakini nyuma haijaandikwa kitu? Sisi Mwanza tunayo. Kijana kakaa kwenye pikipiki, nyuma yake mawe ya Ziwa Victoria. Tumekua tukiambiwa ni kaka yake marehemu Babu, aliyekwenda vitani Burma mwaka 1944 asirudi. Picha yake pekee.

Mume wangu, anayependa pikipiki kupita kiasi, ndiye aliyeshtuka. Taa ya mbele hakuna, usukani umeinama: hii ya mashindano! Tangini kuna nyota, yaani BSA Gold Star. Jina lilitokana na beji ya nyota ya dhahabu aliyopewa Wal Handley mwaka 1937, alipouzunguka uwanja wa Brooklands, Uingereza, kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Ila Gold Star za kabla ya vita zilikuwa na springi ya nje pale mbele. Hii ina shokapu za mabomba, zilizokuja baada ya vita. Aliyefia Burma hakuiona.

Tukabishana usiku kucha: tumwambie Bibi au tunyamaze? Nikamwambia. Akaitazama weee.

“Basi huyu ni mume wangu,” akasema. “Na shemeji yangu sasa hana sura.”

Iliuma. Kwa hiyo mwenzangu, chukua kalamu leo. Andika nyuma ya kila picha jina, mahali na mwaka, wazee wangali wapo.