Utengenezaji wa Fremu za Picha kwa Gharama Ndogo

Katika mwaka wetu wa kwanza wa kazi tulikuwa tukifundisha Darasa la Nne historia ya kijiji chao. Bibi mmoja wa jirani alikubali kutuazima picha ya marehemu mumewe, aliyopigwa ujanani alipokuwa manamba katika shamba la mkonge. Tuliibandika ukutani kwa selotepu, na somo likaenda vizuri sana. Baada ya majuma matatu tulipotaka kuibandua, uso wa yule mzee ulitoka pamoja na selotepu. Tulikwenda kuomba radhi. Bibi aliitazama ile picha kwa muda, akaifunga katika pindo la khanga yake, akasema tu, "Haya, mwalimu." Tangu siku hiyo hapakuwa na nyumba katika kitongoji kile iliyotoa picha nyingine kwa shule.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu walimu wengi huona kuwa fremu ni pambo, na kwa kuwa fremu za dukani ni ghali, basi huziacha. Fremu ya darasani si pambo. Ni chombo cha kuhifadhi mali ya watu, na ni chombo cha kufundishia. Katika makala hii tunakusudia kuwaonyesha wanachuo namna ya kuitengeneza kwa vitu vilivyopo karibu na shule.

Kazi ya fremu

Fremu ina kazi tatu. Kwanza, huinyosha picha na kuizuia isijikunje. Pili, huikinga na vidole, vumbi, wadudu na unyevu. Tatu, huyaelekeza macho ya mtoto. Picha iliyobandikwa kati ya chati kumi na kalenda ya mwaka uliopita haionekani. Lakini picha iliyozungukwa na ukingo mpana ulio mtupu humwambia mtoto kwamba hapa pana kitu cha kutazamwa.

Picha za zamani zina thamani ya pekee. Kabla ya simu za mkononi, mtu alikwenda studio labda mara moja au mbili katika maisha yake. Studio kama Capital Art Studio ya Unguja, iliyoanza kazi mwaka 1930, zilipiga picha za harusi, za familia na za vijana waliovaa nguo zao bora. Nyingi za picha hizo zimebaki moja tu, sandukuni mwa mzee. Siku hizi ni rahisi kuipiga picha hiyo kwa simu na kuchapisha nakala. Inapowezekana, nakala ndiyo ikae ukutani na ya asili irudi kwa mwenyewe. Hata hivyo mara nyingi mtoto huja na picha yenyewe mkononi siku ya somo, na hapo yatubidi tuwe tayari.

Kanuni iliyo kuu ni hii: gundi isiguse picha kamwe. Iguse fremu tu.

Fremu ya mfuko

Aina inayofaa zaidi darasani ni fremu ambayo picha huingizwa kwa juu na kutolewa bila kubanduliwa. Tunaiita fremu ya mfuko. Vifaa vyake ni boksi la kadibodi kutoka dukani, karatasi nyeupe au ya rangi hafifu, rula, penseli, wembe na uji wa gundi. Tuchukue mfano wa picha ya sentimita 10 kwa 15, ambayo ni saizi ya kawaida studioni.

(a) Kata vipande viwili vya kadibodi, kila kimoja sentimita 20 kwa 25. Katika kipande kimoja mistari ya ndani ya kadibodi iwe wima, na katika kingine iwe ya kulala. Vikigandishwa pamoja, kila kimoja humzuia mwenzake asipinde.

(b) Katika kipande cha mbele chora dirisha la sentimita 9.4 kwa 14.4. Dirisha ni dogo kuliko picha kwa milimita 6 kila upande wa vipimo, ili kingo za picha zishikwe kwa nyuma. Acha sentimita 5 juu, sentimita 5.6 chini, na sentimita 5.3 kushoto na kulia. Chini pawe papana kidogo, kwani macho huona picha iliyo katikati kabisa kana kwamba imeteremka. Kata kwa wembe ukiongozwa na rula, pole pole, mara tatu au nne katika mstari uleule. Kazi hii aifanye mwalimu mwenyewe. Wembe usipewe watoto wadogo.

(c) Funika kipande cha mbele kwa karatasi. Rangi iwe ya maziwa au ya kijivu. Nyekundu na manjano zitashindana na picha.

(d) Kata vipande vyembamba vitatu vya kadibodi vya kuwekwa katikati: viwili vya pembeni vyenye upana wa sentimita 4.9 na urefu wa sentimita 25, na kimoja cha chini chenye upana wa sentimita 10.2 na kimo cha sentimita 5.3. Vigandishe juu ya kipande cha nyuma, kisha gandisha kipande cha mbele juu yake. Upande wa juu ubaki wazi.

(e) Lalisha fremu chini ya vitabu vizito usiku kucha. Fremu ikikaushwa juani bila uzito itapinda.

Picha huteremka ndani ya mfuko na kukaa mahali pake. Ukitaka kuitoa, pindua fremu na kuigongagonga kidogo. Kwa hiyo fremu sita tu zaweza kutumika mwaka mzima kwa picha mia. Ukipenda kuzuia vidole, gandisha karatasi ya nailoni angavu nyuma ya dirisha kabla ya kufunga. Unene wa kadibodi huacha nafasi kidogo kati ya nailoni na picha, na nafasi hiyo ni muhimu: picha inayobanwa na kioo au nailoni mahali penye unyevu huweza kunata na kuharibika.

Uji wa gundi hupikwa kwa unga wa muhogo au wa ngano. Koroga kijiko kimoja cha unga katika vijiko vitano vya maji baridi, kisha pika kwa moto mdogo huku ukikoroga hadi uwe mzito na kung'aa. Upakwe mwembamba, maana uji mwingi hukaribisha mende na mchwa. Pika wa kutosha siku hiyo tu, kwani huchacha.

Fremu ya mbao

Kwa picha itakayokaa muda mrefu, kama ile ya darasa zima, fremu ya mbao ni bora. Maseremala hutupa vibanzi vingi vya mbao, na akiombwa kwa adabu seremala hutoa. Penye mianzi, mabanzi yaliyokauka vizuri yanafaa, ila yakaguliwe mara kwa mara kwa sababu bungua huyapenda.

Hapa pana somo la hesabu lililo hai. Kadi yetu ni sentimita 20 kwa 25. Ubao una upana wa sentimita 3, na utailalia kadi kwa nusu sentimita. Kila mwisho basi ubao huongeza sentimita 2.5 nje ya kadi. Vipimo vya nje vitakuwa sentimita 25 kwa 30, na mbao zote sentimita 110. Ongeza 10 za kupotea kwa msumeno. Watoto wa Darasa la Tano wakokotoe wenyewe kabla msumeno haujaguswa. Atakayekosea ataona kosa lake pale pembe zitakapokataa kukutana.

Pembe hukatwa kwa nyuzi 45. Usipokuwa na kipimo, kunja karatasi ya mraba kutoka pembe hadi pembe, nawe utakuwa nacho. Fremu ikishaunganishwa, pima kwa uzi kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Urefu ukilingana, pembe za fremu ni mraba sawasawa. Kadi huegemezwa kwa nyuma na kushikwa na misumari midogo iliyopindwa.

Kutundika

Fremu zisitundikwe kwa kimo cha mwalimu. Msimamishe mtoto wa kimo cha wastani ukutani, weka alama usawa wa macho yake, na katikati ya picha iwe hapo. Epuka ukuta unaopigwa na jua, kwani rangi hufifia, na ukuta unaolowa masika. Nyuma ya pembe za chini gandisha vijiti viwili ili hewa ipite na mchwa wasipate maficho.

Picha isikae ukutani muhula mzima. Baada ya siku chache watoto huacha kuiona. Itolewe, irudishwe katika bahasha, na nyingine iingie.

Mwisho, wanachuo wawe na daftari la picha za kuazima: jina la mwenye picha, tarehe ya kuipokea, hali yake, na tarehe ya kuirudisha. Mtoto na mwalimu waende pamoja kuirudisha. Mzee akiiona picha yake imerudi kama alivyoitoa, ataingia ndani na kutoka na nyingine.