Choo kinachotapishwa mvuani humfikia mtoto wa jirani

Mzazi, masika yakianza huwa tunaangalia kama paa linavuja. Leo nakuomba uangalie maji hayo yanakokwenda, kwa sababu siku chache baadaye baadhi ya watoto huletwa kwetu wakiharisha.

Fanya hesabu hii. Mvua ya milimita 1 kwenye mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 40 humwaga lita 2,000, yaani ndoo kubwa 100. Udongo wenye nyasi hunywa sehemu ya maji hayo. Bati, lami na saruji havinywi. Wataalamu wa maji huanza na hesabu kama hii, wakajumlisha kwa kompyuta mapaa, barabara na miteremko ya bonde zima, wapate kujua maji yatajaa wapi na yatasomba nini.

Chukua Mto Msimbazi, Dar es Salaam. Unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Jangwani, kisha unaingia baharini karibu na Daraja la Salander. Kinachomwagwa juu hufika chini. Mvua za kwanza baada ya kiangazi mara nyingi ndizo chafu zaidi, maana husomba taka za miezi. Na wapo wanaosubiri mvua ili watapishe vyoo. Kinyesi hicho huingia kwenye visima vifupi na madimbwi wanamochezea watoto. Hapo kipindupindu na homa ya matumbo hupata njia.

Ufanye nini? Maji ya kisima kilichofikiwa na mafuriko usiyaamini hata yakiwa maangavu. Yachuje, kisha yachemshe hadi yatokote, au tumia vidonge vya klorini kwa maelekezo ya pakiti. Watoto wasicheze kwenye maji yaliyotuama. Choo kinachokaribia kujaa, ita gari la majitaka kabla ya masika.

Mtoto akiharisha, mpe ORS mara kwa mara, endelea kumnyonyesha, na uliza kituoni kuhusu vidonge vya zinki. Macho yakizama, akilia bila machozi, asipokojoa au akilegea, usingoje kupambazuke, mpeleke. Anayeharisha maji mengi kama ya kuoshea mchele ni wa dharura, hata akiwa mtu mzima.

Na wewe unayeishi mlimani, kumbuka kuna mtu anachota maji bondeni.