Anayedeka na anayesusa: Mtindo wa mapenzi ni hulka au mazoea?

KISWAHILI kina vitenzi fulani visivyojali umri. Kudeka ni kimojawapo. Mtoto hudeka kwa mamaye na mke hudeka kwa mumewe. Waume nao hudeka, ingawa wengi wetu hatukiri. Kubembeleza ni kingine: twambembeleza mtoto alale, twambembeleza mpenzi arejee. Ongeza kununa na kususa. Mtoto hususa uji, mpenzi hususa simu. Na penzi lenyewe, twasema, hulelewa.

Wataalamu wa saikolojia walichukua muda mrefu kuufikia uhusiano huu ambao vitenzi vyetu vimeubeba siku zote. Mnamo 1987, Wamarekani wawili, Cindy Hazan na Phillip Shaver, walitoa makala iliyodai kwamba mapenzi ya watu wazima hufuata utaratibu uleule unaomfunga mtoto mchanga kwa mlezi wake. Data yao waliipata kupitia hojaji iliyochapishwa katika gazeti la Denver, Rocky Mountain News. Naam, gazeti la kawaida kama hili ulilolishika. Wasomaji walichagua maelezo yaliyowafaa kati ya aina tatu. Katika majibu 620 ya kwanza, asilimia 56 walijiona watulivu katika mapenzi, asilimia 25 walikwepa ukaribu, na asilimia 19 waliishi kwa hofu ya kuachwa. Bila shaka wanaojaza hojaji za mapenzi magazetini si sampuli ya umma mzima, lakini hoja yenyewe imesimama hadi leo.

Jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui ni kwamba mzizi wa hoja hii uko hapa jirani. Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi London na daktari John Bowlby, alifika Uganda mwaka wa 1954. Akishirikiana na taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere, alizitembelea familia 26 katika vijiji vya Buganda karibu na Kampala. Alikaa na akina mama sebuleni, akawatazama watoto wao kwa miezi kadhaa. Aliona kuwa watoto wengine hulia kidogo, hutambaa mbali na mama, hugeuka kumtazama, kisha huendelea na michezo. Wengine hulia hata wakiwa wamebebwa. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka mwaka wa 1967.

Alipohamia Baltimore, Marekani, aliunda jaribio ambalo sasa ni maarufu. Mama anatoka chumbani, anamwacha mtoto wa takriban mwaka mmoja, kisha anarudi. Mtoto mtulivu hulia, humkimbilia mama, hubembelezeka na kurudi kwenye vikaragosi vyake. Wa pili hutaka kubebwa na papo hapo humsukuma anayembeba; yaani habembelezeki. Wa tatu humchunia mama kabisa, kana kwamba hakuna aliyeingia. Huyu wa tatu ndiye wa kutazamwa kwa makini. Watafiti wa baadaye walipopima mapigo ya moyo wake, waligundua kuwa yanakwenda mbio hata anapojitia hamnazo.

Sasa wahamishe watoto hao watatu hadi kwenye simu ya mkononi. Mmoja akichelewa kujibiwa ujumbe huendelea na kazi. Wa pili hutuma ujumbe mwingine, na mwingine, kisha anauliza, “Kwani nimekukosea nini?” Wa tatu ameusoma ujumbe na ameuacha vivyo hivyo hadi kesho. Taabu huzidi wa pili na wa tatu wakioana, maana kila anavyofuatwa ndivyo huyu anavyojitenga, na kila anavyojitenga ndivyo yule anavyomfuata. Mwaka wa 1991 Kim Bartholomew na Leonard Horowitz walitambua aina ya nne, mtu anayeutamani ukaribu na kuuogopa kwa pamoja.

Hapa ndipo uteuzi wa maneno unapokuwa na gharama. Siku hizi vijana wanajitambulisha kwa aina za nafsi walizopewa na majaribio ya mtandaoni. “Prof, mimi ni mtu wa kujitenga, ndivyo nilivyo,” mmoja aliniambia juzi. Hiyo ni lugha ya hulka. Neno hulka asili yake ni Kiarabu, na limetokana na mzizi wenye maana ya kuumba. Aliye na hulka fulani ameumbwa nayo, hivyo hana la kujibu. Mazoea, kwa upande mwingine, ni zao la kitenzi zoea. Mtu huzoea pole pole, kwa kurudiarudia, na huweza kuzoea kingine.

Hulka ipo, sikatai. Lowell Kelly na James Conley walifuatilia jozi 300 za wachumba tangu miaka ya 1930 hadi 1980, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi ulikuwa miongoni mwa dalili kuu za ndoa zisizo na furaha. Lakini mtindo wa kuwategemea au kuwakwepa wapenzi uko karibu zaidi na mazoea. Tafiti zinaonyesha kuwa hudumu kwa kiasi tu. Wapo waliokulia katika ukavu wakaja kutulia baada ya kuishi na mwenzi asiyekimbia wala kukemea wanaponuna. Ni kazi ya miaka, na wahenga hawakukosea waliposema mazoea yana taabu.

Ndiyo maana nasita mtu anapomwita mkewe au mumewe “mtu wa kususa” kana kwamba anasoma kitambulisho. Kule Buganda, Ainsworth aliona kuwa akina mama waliojua kumweleza mtoto wao kwa undani, nini humliza na nini humnyamazisha, ndio aghalabu waliokuwa na watoto watulivu. Hebu mwulize mlalamikaji huyo: mwenzako husus​a baada ya neno gani? Huchukua muda gani? Nani huanza kuzungumza, na husema nini? Wengi niliowauliza hunyamaza kwanza, kisha hurudia lile jina.