Kinywe cha Ruangwa na Mikono ya Watoto

Wilaya ya Ruangwa ina madini ya kinywe. Ndiyo madini yanayotiwa katikati ya penseli, na ndiyo yanayotumika katika betri za simu na za magari ya umeme. Mtoto wa darasa la nne katika kijiji kama Likunja huikanyaga ardhi ya wilaya hiyo kila alfajiri aendapo shule, na mchana kutwa penseli imo mkononi mwake. Je, ni nani aliyempa nafasi ya kuuliza penseli ile imebeba nini?

Jaribio lake ni jepesi, wala halitaki maabara. Mwalimu atafute betri tatu ndogo za tochi, kitaa cha kisasa kilichong'olewa katika tochi mbovu, vipande vya waya, na penseli iliyochongwa ncha zote mbili. Watoto wenyewe waunge. Umeme ukipita ndani ya kinywe, taa itawaka kwa unyonge. Penseli ikifupishwa, mwanga utazidi. Isipowaka, wageuze nyaya za taa, na kugeuza huko nako ni somo. (Umeme wa ukutani usiguswe kamwe.) Kisha waachiwe wabuni: huyu atatengeneza taa ya kupunguza mwanga, yule atatega king'ora cha mlango wa banda la kuku. Watoto hao hao hutengeneza magari ya waya na makopo nyumbani bila kufundishwa na mtu, nasi tukiyaona shuleni huyaita upuuzi.

Hatusemi kwamba vishikwambi na kompyuta havifai. La hasha! Katika mkoa wa Tanga, watoto wapatao 2,700 wa vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili na hesabu katika shindano la kimataifa la XPRIZE, lililomalizika mwaka 2019. Wengi wao hawakuwa wamepata kwenda shule. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua kwa nusu. Hiyo ni faida kubwa, wala haikanushiki. Lakini katika masomo yale mtoto alifuata njia iliyokwisha kuchorwa na wengine. Kusoma amejua; kubuni bado.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasidhani kuwa haya ni ya bara peke yake. Visiwani, katika muongo wa kwanza wa karne hii, kulikuwa na vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo. Redio iliongoza, kucheza, kuimba na kuhesabu kulifanywa na watoto wenyewe. Chombo kilikuwa kimoja, na kila mtoto alikuwa na kazi. Na hata katika vyuo vya Kurani vya zamani, mwanafunzi alichonga kalamu yake ya mwanzi na kuukosha ubao wake mwenyewe, kwa hiyo alikijua chombo chake kabla hajakijua kilichoandikwa.

Mwalimu Nyerere alikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, alipokosoa fikra ya kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni au kwa waliosoma. Leo kishikwambi chaweza kushika nafasi ya kitabu kile kile, na mtoto akabaki mpokeaji.

Watu wa Nachingwea wana sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wao wa karanga, wakaleta matrekta huko kwa fedha nyingi mno, bila kuijua vizuri ardhi wala mvua zake. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Mwananchi alikuwa kibarua wa mashine. Hakuulizwa lolote juu yake.

Basi, viongozi wa elimu wafikapo shuleni, wasitosheke na hesabu ya vifaa vilivyopokelewa. Waombe kuonyeshwa vitu ambavyo watoto wameviunda muhula huo, hata vile vilivyoshindwa kufanya kazi, na mtoto mwenyewe aeleze kwa nini vilishindwa. Tena waulize ufunguo wa kabati la vifaa unakaa kwa nani, na mara ya mwisho kabati hilo lilifunguliwa siku gani.