Je, Wajua? Nyongeza Imetiwa Saini, Pesa Ziko Wapi?

Je, wajua kwamba Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mfanyakazi haki ya kugoma, na chama chake haki ya kujadiliana na mwajiri?

Kwamba mishahara ya Rais na wabunge huwekwa na Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC), ilhali kwa mwalimu au muuguzi Katiba inaipa tume hiyo kazi ya kushauri?

Kwamba ilani ya mgomo ni siku 7?

Kwamba asiye mwanachama anaweza kukatwa ada akinufaika na mkataba uliopiganiwa na wenzake? Makato hayo huonekana kwenye hati yake ya malipo. Ni haki kabisa, maana nyongeza naye anaipokea.

Kwamba Oktoba 1997, uchaguzi mkuu ukikaribia, walimu waligoma na serikali ya Rais Moi ikakubali nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa miaka 5? Ilichapishwa hata katika Ilani ya Kisheria Nambari 534. Awamu ya kwanza ikalipwa, kisha serikali ikasema haina pesa. Mwaka 1998 walimu wakarudi barabarani.

Je, wajua pia kwamba kisheria mkataba wa pamoja huanza kutekelezwa baada ya kusajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi? Hapo ndipo madaktari walipoumia. Mkataba wao ulitiwa saini Juni 2013, ila haukusajiliwa, na serikali ikaishikilia hoja hiyo. Desemba 2016 wakaweka vifaa chini. Februari 2017 viongozi 7 wa chama chao, KMPDU, walifungwa jela wakaachiliwa baada ya siku chache. Mgomo ulidumu siku 100, na aliyelipa gharama kubwa zaidi ni mgonjwa asiye na pesa za hospitali ya kibinafsi.

Kwamba hata mkataba wa 2017, uliofuata mgomo huo, ulizua mgomo mwingine? Madaktari wanagenzi walitengewa Sh206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikawapa Sh70,000. Mgomo wa siku 56 ukafuata.

Kwa hivyo, ndugu mfanyakazi, kabla ya kushangilia saini, mwulize mwakilishi wako maswali mawili: mkataba umesajiliwa kortini? Na fedha zake zimo katika bajeti ya mwaka huu?